Kuwafundisha watu wa pwani kuisoma ardhi na bahari: jibu kwa msomaji wa Pangani

Swali: Shikamoo. Mimi ni binti wa Pangani, nimehitimu shahada ya jiolojia mwaka huu. Wazazi na wenzangu wananishauri niende kwenye migodi ya dhahabu Geita, lakini moyo wangu uko katika kuwaelimisha watu wa mkoa wa Tanga juu ya majanga ya asili. Je, hiyo kweli ni kazi ya mwanajiolojia, na mtu huianzaje? Nilipojaribu kuzungumza na majirani kuhusu tsunami, mzee mmoja aliniambia kwamba ninawatisha watu na kuingilia kazi ya Mungu.

Jibu: Marahaba, mwanangu, na hongera kwa kuhitimu. Nitakujibu kwa urefu kwa sababu swali lako limenigusa, na kwa sababu umeliuliza kutoka Pangani, mahali ambapo ardhi yenyewe imekwisha kusema jambo ambalo wengi wa watu wake hawajalisikia.

Mwaka 2020 timu ya watafiti ilichapisha matokeo ya uchimbaji uliofanyika katika Ghuba ya Pangani. Chini ya udongo wa juu walikuta tabaka la mchanga lililoletwa na bahari kwa mara moja, nalo limefunika makazi ya Waswahili wa kale. Ndani ya mchanga huo mlikuwamo mifupa ya watu, bila mpangilio wa maziko. Umri wa tabaka hilo ni miaka 1,000 hivi, na matabaka ya umri unaokaribiana nao yamepatikana pia katika pwani nyingine za Bahari ya Hindi. Tafsiri ya watafiti ni kwamba tsunami kubwa iliyozaliwa upande wa Sumatra, kisiwa cha Indonesia, ilivuka bahari yote ikawakuta wazee wetu majumbani mwao. Mimi nimekulia Tanga, na bibi zangu walinihadithia mengi kuhusu bahari, yakiwemo ya majini, ya vyombo vilivyozama na ya pepo za kusi na kaskazi. Sikusikia hata mmoja akisema kwamba bahari iliwahi kupanda mji ikaondoka na watu. Kumbukumbu hiyo ilikatika, na mimi naamini kwamba kazi unayoitamani ni kuiunganisha tena.

Tazama wale ambao kwao haikukatika. Katika kisiwa cha Simeulue, karibu kabisa na chimbuko la tetemeko la Sumatra la 26 Desemba 2004, wenyeji walikuwa na neno lao, smong, walilorithi tangu tsunami ya mwaka 1907. Liliingizwa katika hadithi na nyimbo za kubembelezea watoto: ardhi ikitikisika kwa nguvu na bahari ikarudi nyuma, kimbilieni mlimani. Siku ile walikuwa na dakika chache tu, tena bila king'ora na bila simu ya tahadhari. Kati ya wakazi wapatao 78,000, waliokufa ni saba. Nchi jirani zenye redio, televisheni na vyuo vikuu zilipoteza watu kwa maelfu, na idadi ya waliokufa kuzunguka bahari yote ilikaribia 230,000.

Nikueleze nami nilikuwa wapi siku hiyo, kwa sababu hapo ndipo kazi yangu ilipogeuka. Ilikuwa Jumapili, nami nilikuwa Tanga kwa mapumziko ya Krismasi, nikitokea kwenye kazi ya kutafuta madini. Tetemeko lilitokea saa kumi kasoro dakika moja alfajiri kwa saa zetu, na kabla ya adhuhuri nilikuwa nimesikia redioni kwamba Sumatra kumetokea tetemeko kubwa. Nilisikia, nikasikitika, nikaendelea kunywa chai. Nilikuwa na shahada mbili za jiolojia. Nilijua kwamba katika kina cha mita 4,000 wimbi la tsunami huenda kwa kasi ya kilomita 700 hivi kwa saa, sawa na ndege, na kwamba kutoka Sumatra hadi kwetu ni zaidi ya kilomita 6,000. Hesabu hiyo ni ya mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, lakini sikuipiga. Alasiri nilipoteremka pwani ya Raskazone nilikuta wavuvi wamesimama wakishangaa maji yanayopanda na kushuka nje ya saa zake, na watoto wakiogelea. Nchini kwetu walikufa watu wasiopungua 10, wakiwemo watoto waliokuwa wakiogelea Dar es Salaam. Tulikuwa na saa nyingi za kuwatoa watoto majini, na wenzetu wa Mombasa waliopata habari mapema waliondoa watu ufukweni.

Kilichotuokoa zaidi ni mwezi. Ulikuwa mpevu, kwa hiyo maji yalikuwa ya bamvua, yaani ya kujaa sana na kupwa sana, na kwa pwani yetu bamvua hupwa sana kati ya asubuhi na mchana. Mawimbi ya kwanza yalitukuta bahari ikiwa bado chini. Lau yangefika saa kumi jioni wakati wa kujaa, leo tungekuwa tunasimulia mengine.

Kwa hiyo ndiyo, hii ni kazi ya mwanajiolojia. Anayesoma mwamba ndiye mwenye kujua kwamba jambo lililotokea miaka 1,000 iliyopita si la kale, na asipolisema yeye, hakuna mwingine anayeweza kulisema kwa uhakika ule. Lakini kujua ni kitu kimoja na kumfikishia mtu ni kitu kingine, na katika hili la pili mimi nilianza vibaya.

Mkutano wangu wa kwanza niliufanya katika shule moja ya sekondari iliyo jirani na bahari. Nilionyesha picha za mabamba ya dunia, vile vipande vikubwa vya gamba lake, yanavyosukumana, nikaeleza jinsi sakafu ya bahari inavyoinuka ghafla na kusukuma maji, nikataja ukubwa wa tetemeko la Sumatra, 9.1. Wanafunzi waliandika kila kitu. Mwishoni msichana mmoja wa kidato cha pili alinyoosha mkono akauliza: "Sasa sisi hapa tukimbilie wapi?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimekuja na ramani ya Bahari ya Hindi yote, lakini sikuwa nimetembea hatua mia moja kuzunguka shule ile nikajua ardhi inainukia upande gani. Tangu siku hiyo sijasimama mbele ya watu kabla ya kuitembea njia yao.

Mafanikio yangu ya kwanza yalitoka kwa wanawake wanaochokoa pweza, kusini ya jiji la Tanga. Hawa wanaijua bahari inayopwa kuliko mtu yeyote aliye na shahada, maana mkate wao uko pale mwambani maji yakitoka. Niliwakuta wamekaa chini ya mkungu, vyuma vyao vimeegeshwa kwenye shina, wakisubiri maji. Nikawaambia neno nililolizoea: bahari ikirudi nyuma ghafla, kimbieni. Mama mmoja mtu mzima alinitazama akasema, "Mwanangu, bahari hurudi nyuma kila siku. Ikirudi sana ndiyo furaha yetu, maana ndiyo bamvua. Unataka tuikimbie riziki?"

Swali lile lilinifundisha zaidi ya kitabu chochote. Onyo ambalo kwingineko linaeleweka kwa sentensi moja, kwetu lilikuwa linagongana na desturi ya kila mwezi, maana bahari yetu hupwa mita 3 au zaidi wakati wa bamvua na kuacha mwamba mkavu mbali sana. Tukakaa tukalichambua pamoja. Wao walisema kwamba bamvua lina siku zake, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu. Lina saa zake. Na maji hutoka polepole kwa muda wa saa sita hivi, mtu akiyafuata kwa mguu. Basi tukakubaliana kwamba hatari ni maji yanayotoka yasipotarajiwa: katikati ya maji mafu, yaani siku za kujaa na kupwa kidogo, au wakati wa kujaa, au yakitoka kwa dakika chache huku samaki wakibaki wakirukaruka mchangani na sauti ya ngurumo ikitoka upande wa kina. Mama yule ndiye aliyepata maneno ambayo nimeyatumia mpaka leo, "maji yasiyo na saa." Nikaongeza lile ambalo wao hawakuwa nalo. Si lazima bahari itangulie kupwa, kwani mara nyingine hutangulia kujaa. Na wimbi la kwanza mara nyingi silo kubwa, kwa hiyo aliyekwisha kupanda juu asiteremke kuokota samaki wala kutafuta ndoo yake, bali akae saa kadhaa mpaka atangaziwe. Hapo nilikuwa mwalimu na mwanafunzi kwa wakati mmoja, na ndivyo kazi hii inavyotakiwa iwe.

Kuhusu mzee aliyekukemea, usimjibu kwa ukali, kwa sababu hofu yake ina msingi. Watu wa pwani wamechoshwa na ujumbe wa kusambaza kwenye simu unaosema kesho kutwa kutatokea tsunami. Mwambie wazi kwamba hakuna mwanadamu anayeweza kutaja siku wala saa ya tetemeko, na anayedai kuitaja anasema uongo. Wazee wetu walisema dalili ya mvua ni mawingu. Tetemeko halina wingu lake. Tsunami inalo, na wingu hilo ni tetemeko lenyewe: mtikisiko wa nguvu au wa muda mrefu ukisikika pwani, usingoje tangazo, ondoka. Ikitokea mbali, kama ile ya Sumatra ambayo hapa hatukusikia mtikisiko wowote, basi kuna muda wa saa nyingi, na tangu mwaka 2011 Bahari ya Hindi ina mfumo wa tahadhari ambao vituo vyake vya Australia, India na Indonesia hupeleka taarifa kwa kila nchi, kwetu zikipokelewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA. Eneo la pili la kuangaliwa ni Makran, kusini mwa Pakistani na Irani, ambako tsunami ilizaliwa Novemba 1945.

Na kuhusu kazi ya Mungu, nenda kwa imamu kabla hujaenda kwenye baraza la kijiji. Mimi nilikwenda, nikamweleza, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha Ijumaa akawakumbusha waumini ile hadithi ya Mtume kuhusu mwenye ngamia: mfunge kwanza, kisha tawakali. Baada ya hapo sikuulizwa tena. Jambo jingine lilikuja lenyewe, kwamba kipaza sauti cha msikiti kinafika mahali ambapo king'ora cha serikali hakipo, na muadhini huwa macho alfajiri watu wengi wakiwa wamelala. Kijijini hapo tahadhari hupitia kwake.

Usifungie macho yako baharini peke yake. Mkoa wetu una milima ya Usambara, na ukipiga hesabu ya yanayotokea mara kwa mara, udongo unaoteleza na mito inayofurika vinatuumiza mara nyingi zaidi ya bahari. Mwamba wa kule umeoza kwa muda mrefu sana ukawa udongo mwekundu wenye kina kirefu. Juu yake kuna mashamba kwenye mteremko mkali, na barabara ya Mombo hadi Lushoto imekatwa ubavuni mwa mlima. Masika au vuli ikinyesha siku nyingi mfululizo, maji hujaa katika vinyweleo vya udongo, uzito unaongezeka na mshikamano unapungua, mpaka siku moja mteremko unashindwa kujishikilia. Huko ninakwenda na sinia, udongo wa shambani kwao na kikombe cha maji. Ninajenga mteremko mbele yao na kumpa mtoto kikombe amwagie kidogo kidogo. Wote hukaa kimya. Kikombe cha kwanza hakuna kitu, cha pili ufa mwembamba unatokea kwa juu, kabla cha tatu hakijaisha mteremko wote umekaa chini kwenye ukingo wa sinia. Ndipo ninauliza nani ana ufa kama ule nyuma ya nyumba yake, na siku zote kuna mkono unaonyooshwa. Kutoka hapo tunataja dalili nyingine: mlango uliokuwa ukifunga vizuri sasa unakwama, mti au nguzo iliyoanza kuinama, chemchemi mpya mahali palipokuwa pakavu, kijito kinachogeuka tope au kupungua ghafla wakati mvua bado inanyesha. Hili la kijito lisisitize, maana huenda juu kuna kizuizi cha udongo kinachosubiri kupasuka.

Maafa ya Hanang, 3 Desemba 2023, yalionyesha haja ya haya yote. Tope, mawe na miti vilishuka kutoka mlimani vikaingia Katesh na vijiji vya jirani, na watu zaidi ya 80 wakafa. Kwa kuwa Hanang ni volkano iliyolala, mara moja uvumi ukaenea kwamba mlima umelipuka. Ufafanuzi wa serikali ulikuwa kwamba sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilinyonya maji ya mvua ikameguka. Mwanajiolojia aliyekwisha kujulikana na watu wa mahali husikilizwa siku kama hiyo. Asiyejulikana, hata akisema kweli tupu, hushindana na ujumbe wa simu na mara nyingi hushindwa.

Sasa nikuonye juu ya jambo ambalo wengi katika fani yetu hulikwepa. Kishawishi kikubwa kuliko cha kutisha ni kishawishi cha kutuliza. Katika mji wa L'Aquila, Italia, mitikisiko midogo iliendelea kwa miezi, na watu wakawa na wasiwasi. Ofisa mmoja wa idara ya maafa, ambaye hakuwa mtaalamu wa matetemeko, akawaambia kwamba mitikisiko hiyo ni heri kwa kuwa inapunguza nguvu iliyojikusanya. Tarehe 6 Aprili 2009 tetemeko kubwa liliua watu 309, wakiwemo waliokuwa na desturi ya kutoka nje mtikisiko ukianza lakini usiku ule wakabaki ndani. Mwaka 2012 mahakama iliwatia hatiani wanasayansi sita waliokuwa wametathmini hatari hiyo pamoja na ofisa huyo. Wanasayansi hao waliachiwa kwa rufaa mwaka 2014. Mimi sioni kwamba sayansi ilistahili kushtakiwa. Lakini neno la faraja lisilo na ushahidi, likitoka kwenye kinywa chenye mamlaka, linaua. Agosti 2020 tetemeko lililotokea chini ya bahari, upande wa Mafia, lilipotikisa Dar es Salaam na watu kukimbia nje ya majengo, nilipigiwa simu nyingi za kuuliza kama yameisha. Niliwajibu kwamba tetemeko la ukubwa wa 6 hivi kwa kawaida halizai tsunami kubwa, kwamba mitikisiko midogo inaweza kufuata, na kwamba asiye na uhakika wa ukuta wake asilale chini yake. Hawakufurahi, ila walijua cha kufanya.

Wala usidhani ramani nzuri inatosha. Huko Armero, Colombia, ramani iliyoonyesha mahali tope la volkano ya Nevado del Ruiz litakapopita ilikuwa imekwisha kutolewa mwezi mmoja hivi kabla. Usiku wa 13 Novemba 1985 tope lilipita humo humo, na watu zaidi ya 20,000 wakafa. Tofauti yake ni Pinatubo, Ufilipino, mwaka 1991, ambako wataalamu waliwaonyesha viongozi na wananchi mkanda wa video uliotayarishwa na wanandoa Maurice na Katia Krafft, wanavolkano wa Ufaransa, ukionyesha kwa macho majivu na tope linavyoteketeza. Watu wakahama kabla ya mlipuko mkuu wa 15 Juni. Akina Krafft wenyewe walikuwa wamekufa siku 12 kabla yake, katika volkano ya Unzen, Japani.

Kuhusu ajira nitakuambia kweli. Nafasi zenye jina la kazi hii ni chache. Wengi wetu tumeibeba juu ya kazi nyingine: katika Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini, GST, kule Dodoma; katika vyuo vikuu; katika Idara ya Menejimenti ya Maafa iliyo chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu; katika Msalaba Mwekundu; au kama walimu wa jiografia, ambao mimi nawahesabu kuwa askari wa mstari wa mbele. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 inatambua kamati za maafa kuanzia taifa hadi kijiji, na kamati nyingi za chini hazina mtu anayejua mwamba. Huo ni mlango, ubishe. Geita si adui yako. Miaka mitatu ya mgodini itakufundisha uthabiti wa miteremko na nidhamu ya usalama kuliko darasa lolote, na itawatuliza wazazi. Mimi mwenyewe kwa miaka mingi kiangazi nilikula kwa kazi za madini, na mvua zikikaribia nilirudi vijijini. Ila ukienda, usikate mguu nyumbani, kwa sababu kazi hii haifanywi na mgeni. Na ukipata mtu wa kutunga, mpe maneno ya yule mama wa pweza ayatilie vina; Tanga haijawahi kukosa washairi, na ya Simeulue yalidumu miaka 97 kwa sababu yaliimbwa.

Kabla hujaamua chochote, fanya jambo moja hapo hapo Pangani. Mji uko chini, mdomoni mwa mto, na tsunami huingia mtoni ikapanda kwenda bara mbali kuliko inavyopanda ufukweni. Kwa hiyo anayetazama kilima cha Bweni ng'ambo ya mto na kufikiria kukimbilia kivukoni anakwenda mahali pabaya kuliko pote. Kipimo cha kawaida ni kufika mita 30 juu ya bahari, au kilomita 3 kutoka ufukweni na mtoni pia. Chagua siku ya maji ya bamvua, saa ya kujaa. Mchukue bibi yako au mama mwingine mtu mzima anayekubali, na mtoto wa darasa la kwanza, mwanzie sokoni na kutembea kwa mwendo wao, si wako, mkiupa mto kisogo mpaka ardhi iinuke. Hesabu dakika, na uandike kila mahali mlipokwama, iwe ni uzio, mtaro au njia inayoishia uani kwa mtu. Kisha niandikie umepata dakika ngapi, tuanzie hapo.